Fungu la Mengineyo

Soweto West, Kibera
9 Machi 1997

Wifi Audrey,

Pokea salamu zangu wewe na mumeo Jeremy, na umfikishie mama mkwe wako za kwake. Mimi nipo. Mvua haijaanza, lakini mtaro wa huku kwetu haungoji mvua ndipo ufurike. Watoto wa nasari wamefika thelathini na mmoja na chaki ni ile ile boksi moja, kwa hiyo naandika herufi ndogo na wa nyuma wanakisia.

Barua hii anakuletea Immaculate, yule mama wa samaki wa omena. Jumanne huuza huko kwenu Kawangware, mtaa wa Kongo, na Jumamosi huku kwetu. Ikinuka, unisamehe. Ukinijibu, mpe yeye.

Chai mliyonipa siku ile nilipokuja kukupongeza ilikuwa na sukari ya kutosha, mwambie mama mkwe wako. Nilielezwa kwamba huna nguvu za kutoka. Niliona miguu yako chini ya pazia. Imevimba, nikafurahi, maana mwenye mimba lazima avimbe mahali.

Osewe amekuja tena Jumapili, na wazee wawili. Amevaa koti, amesimama kama anayeomba kazi. Wameniuliza lile lile: Okeyo alizikwa Novemba, je, niko tayari kaka yake huyu wa baba mdogo anirithi ili nitoke kwenye uchafu wa kifo na niweze kuingia nyumba za watu? Nimewajibu lile lile. Sisemi mila zenu ni mbaya. Hata kwetu Maragoli yapo, watu wetu si malaika. Ni kwamba mimi sijamaliza kuwa mke wa ndugu yako. Nikimaliza nitawaambia.

Kwa hiyo wifi, sitakuja tena Kawangware hadi uniite. Sijakasirika. Umepoteza mimba mbili, najua unaogopa nini. Tuandikiane tu. Kutoka kwangu hadi kwako ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na sisi tunatuma barua kama watu walio ng'ambo.

Wako,
Musimbi


Kongo, Kawangware
23 Machi 1997

Wifi yangu Musimbi,

Barua yako nilifika nayo kazini ikinuka samaki mpaka Bwana Muema, mkubwa wetu, akauliza nani kafungua chakula cha mchana mapema. Sisi tuko salama. Jeremy amepata kibarua cha kupaka rangi Lavington, wiki tatu. Tumbo limefika mwezi wa nne na halijanitisha bado. Mama mkwe amekuja kukaa nasi mpaka nijifungue. Ananikataza kila kitu isipokuwa kupumua.

Kuhusu siku ile ulipokuja, nililala kidogo, ndiyo maana.

Sasa nisaidie. Unajua kazi yetu hapa Sikio la Jirani: vile visanduku tumeviweka makanisani, watu wanatumbukiza barua za shida zao bila jina, kila mmoja akibaki na kikaratasi cha namba ya barua yake, mshauri anajibu, na jibu linabandikwa ubaoni kanisani kwa namba ile. Barua zimekuwa nyingi hadi zimejaza katoni kumi na nne. Wafadhili wa Uholanzi wametuletea kompyuta na programu ya kuzipanga. Sisi tunaichapia barua, yenyewe inasoma maneno yaliyomo, inaipa lebo, na kila lebo ina mshauri wake.

Lakini haijui lebo hata moja hadi uiingizie orodha kwa disketi. Orodha waliyotuma nayo ni ya kwao. Ina lebo ya mtu aliyefiwa na paka. Ina lebo ya huzuni ya wakati wa theluji. Bwana Muema amecheka mpaka akavua miwani, kisha akaniambia, "Audrey, tengeneza ya kwetu. Wewe ndio unajua watu."

Mimi najua kuchapa tu. Wewe ndiye unayejua watu. Niandikie shida za watu, moja kwa kila mstari. Kubwa inakuwa mzazi, na ndogo zinakaa chini yake kama watoto. Mfano: Nyumba, halafu chini yake, kufungiwa na mwenye nyumba, kubomolewa, kuvuja. Mzazi lazima atangulie. Programu hii haina subira. Ikikuta mtoto ambaye mzazi wake hayumo, inasimama.

Wifi yako,
Audrey


Soweto West
13 Aprili 1997

Wifi Audrey,

Natumai tumbo linaendelea na kazi yake. Huku mvua imekuja na imeingia bila hodi. Darasa la nasari tumelihamishia kanisani. Mtoto mmoja aliniuliza kama Mungu naye anavujiwa. Nikamwambia aandike herufi K.

Kazi yako imenipa raha ambayo sikuitarajia. Nimekaa nayo wiki mbili. Nikitoka kazini sina mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo nazungumza na orodha yako. Tangu mazishi watu wananisalimu wakiwa wanatembea. Hata kwenye chama cha akina mama nimeambiwa nitume mchango tu, mwili wangu upumzike. Ndivyo walivyosema, mwili upumzike.

Orodha iko kwenye kurasa sita nilizofunga pamoja. Nimehesabu mistari mia moja na kumi na sita. Nimeweka Kazi, na chini yake kulipwa nusu, kupigwa na mwajiri, mwajiri kudai umeiba. Nimeweka Maji, na Choo peke yake, usikitie chini ya Maji, ni shida nyingine kabisa. Nimeweka Ndoa na watoto wake kumi na wanane, ndoa ina kizazi kikubwa.

Chini ya Kifo nimeweka Mjane. Chini ya Mjane kuna shamba, karo ya watoto, kufukuzwa na shemeji. Kisha nimeweka Aliyekataa kurithiwa, na yeye ana watoto watatu: asiyeingia nyumba za watu, asiyepewa kikombe, anayeogopewa na wenye mimba.

Usishtuke kwa hayo ya mwisho. Umeniomba shida za watu, na mimi ni mtu.

Musimbi


Kongo
18 Mei 1997

Wifi mpendwa,

Nimechelewa, najua. Kwanza Immaculate aliugua malaria, halafu mimi nikawa na kizunguzungu, halafu Jeremy akamaliza kibarua chake na sasa anashinda nyumbani akipanga upya vitu vilivyokwisha kupangwa. Mama mkwe ni mzima. Kila asubuhi anapima tumbo kwa shubiri.

Nakushukuru kwa orodha. Bwana Muema aliisoma yote akiwa amesimama, na yeye hasomi kitu akiwa amesimama. Akasema, "Huyu wifi yako angekuwa hapa, tungefunga ofisi mapema kila siku."

Nimeichapa yote na kuiingiza. Mara ya kwanza ilikataa kwa sababu ya koma, mara ya pili ilisimama ikasema kuna watoto watatu hawana mzazi. Nikarekebisha. Mara ya tatu ikaniandikia kwamba lebo mia moja na kumi na mbili zimeingia salama. Wifi, nilipiga makofi peke yangu. Ukiichapia barua sasa, baada ya kitambo inakuambia, hii ni Nyumba, kuvuja. Inapatia kuliko sisi.

Barua isiyopata lebo yake inaangukia kwenye fungu la mwisho, Mengineyo. Hilo halina mshauri, ila ni barua chache.

Kila kitu kimekwenda sawa.

Audrey


Soweto West
8 Juni 1997

Wifi Audrey,

Salamu kwa wote hapo, na kwa shubiri ya mama mkwe. Nimefurahi kazi imekubali. Mimi nilikuwa nimehesabu mia moja na kumi na sita. Labda nilikosea, siku hizi nahesabu nikiwa nimechoka.

Habari za huku ni chache. Osewe ameoa. Amemchukua msichana wa Ugunja, na amenitumia neno kwamba hana kinyongo. Kumbe naye alikuwa anaogopa nikubali. Wazee wanatafuta mwingine.

Sanduku lenu hapa kanisani linajaa kila wiki. Kila Jumapili ibada ikiisha napita ubaoni kusoma majibu. Nasoma tu. Kuna mwenye namba 1980 aliyeambiwa asimpe mwenye nyumba pesa bila risiti, ni jibu zuri. Nakaa pale mpaka watu waondoke, maana nikisimama karibu wanasogea, na sipendi kuwaona wakisogea.

Swali dogo. Mtu akitumbukiza barua leo, jibu lake linabandikwa baada ya muda gani? Namuulizia jirani yangu Nzembi. Aliandika mwezi wa tano.

Nimekukumbuka, Audrey. Nimeukumbuka ule upuuzi wako wa kucheka kabla hujamaliza hadithi. Okeyo alikuwa akisema umelipwa kucheka.

Musimbi


Kongo
29 Juni 1997

Wifi,

Nami nimekukumbuka. Siku hizi sicheki na mtu, mama mkwe anasema kicheko kinashusha mtoto.

Kuhusu Nzembi: ni wiki tatu, nne zikizidi. Mwambie asikate tamaa, kila barua inajibiwa. Kama ana namba yake, nipe nimtazamie.

Nimefika mwezi wa saba. Hakuna iliyowahi kufika huku. Sitaki hata kuiandika, lakini wewe nitakuambia: nikisikia anageuka tumboni nakaa chini popote nilipo na kushika kitu. Naogopa sana, Musimbi. Naogopa kila kitu. Watu wakisema chira, ile laana inayomla mtoto kabla hajazaliwa, mimi niliyesoma hadi kidato cha nne naangalia pembeni.

Ndiyo maana. Unanielewa.

Audrey


Soweto West
3 Agosti 1997

Audrey,

Nakuelewa. Nilikuelewa tangu kwenye pazia.

Nzembi hataki kutoa namba yake. Ameacha kungoja.

Jifungue salama. Hilo ndilo ninaloomba siku hizi, na sina mengine mengi ya kuomba.

Musimbi


Kongo
14 Septemba 1997

Wifi Musimbi,

Ni msichana. Alizaliwa tarehe ishirini na nne Agosti, saa tisa mchana, mvua ikipiga mabati bila mpangilio, ndiyo maana tumemwita Akoth, mtoto wa mvua. Kilo tatu na robo. Ana masikio ya Okeyo. Nilipoyaona nililia, na mama mkwe akadhani ni maumivu.

Niko likizo hadi mwisho wa Oktoba. Jeremy anambeba mtoto kama anayebeba kioo cha dirisha.

Nilitaka uje. Nimesema hapa nyumbani. Mama mkwe anasema tungoje mtoto apate nguvu, kwamba siku arobaini si nyingi, kisha anasema miezi mitatu. Jeremy ananyamaza. Nami nimenyamaza, Musimbi, nisikufiche. Nina mtoto mmoja tu duniani na sijui kubishana nikiwa nimemshika.

Usinichukie.

Audrey


Soweto West
28 Septemba 1997

Wifi Audrey,

Hongera, mama Akoth. Nimefurahi hadi nimewaambia watoto wa nasari, nao wakapiga makofi bila kujua ni kwa nini.

Sikuchukii. Ila nitakuambia jambo, kwa sababu nimechoka kulibeba. Habari za mtoto nilizipata kwa Immaculate mwezi wa nane, kabla ya barua yako. Jumamosi ile nilitembea hadi Kongo. Nilisimama pale bombani, mkabala na mlango wenu, nikiwa na mtungi mtupu mkononi ili watu wadhani nimefuata maji. Nikamsikia analia. Ana sauti nzuri, haina kamasi. Nikakusikia unamwimbia. Kisha zamu yangu ya maji ikafika, ikabidi nijaze. Nikarudi na lita kumi za maji ya Kawangware hadi Kibera.

Nilitaka tu ujue nilikuja.

Sina lingine. Mwezi wa kumi na moja tutatimiza mwaka tangu Okeyo aondoke. Nafikiria kurudi nyumbani Maragoli shule zikifungwa. Huko angalau nyumba ya mama yangu ina mlango ninaoweza kuingia.

Musimbi


Soweto West, ndani kwako
1 Novemba 1997

Musimbi wangu,

Barua hii haikuletwa na Immaculate. Nimeileta mimi, na nimeiandikia kwenye meza yako, kwa kalamu yako nyekundu ya kusahihishia. Nimefika saa nne asubuhi nikakuta kufuli. Nzembi ana ufunguo wako wa pili, akanifungulia. Nilimuuliza, "Nzembi, ile barua uliandikia Sikio la Jirani ulijibiwa?" Akanitazama. "Barua gani? Mimi sijawahi andika barua, mama. Shida zangu naambianga Musimbi."

Nimerudi kazini Jumatatu. Bwana Muema alikuwa ameniwekea kazi mezani: Mengineyo imejaa. Nilikuambia ni barua chache. Zimefika mia tatu na arobaini, hakuna aliyezijibu, na Desemba zinapelekwa stoo. Akataka nizisome kabla hazijafungwa. Nimezisoma siku nne. Nyingine ni za mzaha, mmoja anauliza bei ya kompyuta.

Alhamisi nikafika kwenye namba 2207. Aliichapa msichana mwingine nikiwa na kizunguzungu, kwa hiyo hakukuwa na mwandiko wa kunionya. Nainakili hapa, ingawa mwenyewe unaijua:

"Mimi ni mjane. Nimekataa kurithiwa. Nilienda kumpongeza wifi yangu mjamzito. Mama mkwe wake aliniwekea kigoda nje karibu na mtaro, akanipa chai kwenye kopo la mafuta ya Kimbo. Nilipoondoka niligeuka nikamwona anamwagia kigoda maji na kulitupa kopo. Wifi yangu alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Siombi mnifundishe kuvumilia, hilo nalijua. Nauliza tu, kuna mwingine? Katika barua zote mnazopata, kuna mwingine kama mimi, au niko peke yangu?"

Musimbi, sikuwa nimelala siku ile. Nilikuwa nimesimama. Nililiona kopo kupitia tundu la pazia na sikusema kitu.

Na orodha yako haikuwa na kosa la hesabu. Ilikuwa mia moja na kumi na sita. Nilipokuwa naichapa nilifika pale kwa Mjane, mama mkwe alikuwa ameniletea uji kazini, amesimama mgongoni mwangu, ingawa hajui kusoma. Nikaruka mstari wako. Aliyekataa kurithiwa. Niliona kama nikiuandika nimekuingiza mwenyewe kwa mkono wangu, wewe na hicho kifo, karibu na tumbo. Programu ikasimama, ikasema watoto watatu hawana mzazi. Ilinipa nafasi ya kumrudisha. Mimi nikafuta na watoto. Kisha nikakuandikia kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Barua yako iliingia kwenye mashine ikitafuta mahali ulipopatengeneza mwenyewe, na mimi nilikuwa nimepaondoa. Ulisimama ubaoni Jumapili ngapi? Naona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Jana nimerudisha mistari minne, mzazi kwanza, kisha watoto. Imekubali mara moja. Nikaiambia ipange Mengineyo upya. Nilidhani itatoka barua moja.

Zimetoka kumi na saba. Umesikia? Kumi na saba. Mmoja yuko Riruta. Wawili wako hapa hapa Kibera, wametumbukiza kwenye sanduku la kanisa lako. Mmoja ameandika mara tatu, na kila mara anauliza kama ulivyouliza. Hilo ndilo jibu la namba 2207. Bwana Muema amesema litabandikwa Jumapili, na lebo hii inatafutiwa mshauri. Nimemwambia mshauri namjua, anafundisha nasari na ana chaki boksi moja.

Mama mkwe nimemwambia leo asubuhi, nikiwa nimemshika mtoto, kwamba jioni narudi nawe na utalala kwetu. Amesema basi yeye anarudi kwao. Jeremy, ambaye hajasema kitu tangu Machi, akasema, "Sawa Mama, nitakusindikiza stage ya matatu." Kisha akaenda kununua kikombe. Nikamwambia vikombe vipo, akasema anataka kununua tu. Bado naogopa, Musimbi, nisikudanganye. Nilimkumbatia mtoto kwa nguvu nikipita kizingiti chako. Lakini Akoth alipita akiwa amelala, na bado amelala, kitandani kwako, upande wa Okeyo.

Kigoda chako cha hapa kiko nje ya mlango. Nilikikalia kidogo nikinyonyesha. Ukikaa pale chini unaona miguu ya watu tu.

Karatasi hii nampa Nzembi akusubirie njiani, usije ukashtuka. Maragoli utaenda Desemba ukitaka, na sisi tutakusindikiza. Lakini leo ukifika utakuta mlango umerudishwa. Najua ni nyumba yako na ufunguo unao. Piga hodi tu hata hivyo. Nimekaa ndani tangu saa nne, nangoja kukuambia karibu.

Audrey